Pikadili: Kola Ndogo Iliyozaa Jina la Mtaa

Hotuba hii naiweka hapa nzima, kama nilivyoitoa, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mabibi na mabwana, walimu wangu, washonaji mlioko hapa, na ninyi vijana ambao mmeacha shughuli zenu kuja kusikiliza habari za neno moja: asanteni sana kwa kuja.

Nianze na jina ambalo sidhani kama kuna mtu humu ndani asiyewahi kulisikia. Piccadilly. Ile njia panda ya London inayoitwa Piccadilly Circus, yenye mabango makubwa ya taa na sanamu ya kijana mwenye mabawa. Wapo waliokanyaga pale, na wapo walioiona kwenye picha tu. Sasa niwaulize: Piccadilly alikuwa nani? Alikuwa lodi? Alikuwa jenerali? Ni jina la vita? Maana mji ule una Trafalgar, ambayo ni vita, una Waterloo, ambayo ni vita, na una Regent Street, iliyopewa jina la mtawala. Mtu akidhani kwamba Piccadilly naye ni mkubwa fulani aliyeshinda mahali fulani, hatumlaumu.

Lakini siyo lodi. Siyo jenerali. Siyo vita. Piccadilly ni kola. Tena siyo kola nzima, ni kipande cha kola. Ni ukingo mdogo uliokatwakatwa shingoni mwa nguo, uliovaliwa kwa miaka michache, kisha ukatoweka kabisa kwenye miili ya watu. Nguo imekufa. Neno liko hai, na kila siku maelfu ya watu wanashuka kwenye treni kwa jina lake.

Jambo ninalotaka kuwaeleza jioni hii ni namna neno hilo lilivyosafiri. Watu wengi wanafikiri maneno huruka: leo lina maana hii, kesho lina maana nyingine, na katikati hakuna kitu. Mimi nasema neno haliruki. Neno huhamia kwenye kitu kinachogusana nacho. Liko kwenye ukingo, linahamia kwenye kola kwa sababu ukingo umeshonwa kwenye kola. Liko kwenye kola, linahamia kwa mtu anayeiuza. Liko kwa mtu, linahamia kwenye nyumba yake. Twendeni nalo hatua kwa hatua, mtaona.

Tuanze shingoni.

Katika nusu ya pili ya karne ya 16, wanaume wa Ulaya wenye uwezo walivaa koti fupi la kubana kifua, lililoitwa dableti. Ukingo wa koti hilo, begani, kiunoni na shingoni, ulipambwa kwa vipande vidogo vya kitambaa vilivyokatwa na kupangwa kimoja baada ya kingine. Vipande hivyo ndivyo vilivyoitwa pikadili. Randle Cotgrave, aliyetoa kamusi ya Kifaransa na Kiingereza mwaka 1611, analieleza neno hili vizuri kabisa: anasema ni vipande mbalimbali vilivyounganishwa pamoja kuzunguka ukingo wa kola ya dableti. Angalieni alivyosema. Hakusema kola. Alisema vipande vilivyo kwenye ukingo wa kola.

Na neno lenyewe lilitoka wapi? Kwa Kihispania kuna kitenzi picar, maana yake kuchoma kwa ncha, kutoboa, kukatakata. Kitu kilichotobolewa ni picado. Ukiongeza kiambishi illo mwishoni, unakifanya kidogo, kama sisi tunavyouchukua mlima tukaufanya kilima. Picadillo, basi, ni kitu kidogo kilichotobolewa au kukatwakatwa. Wahispania wa leo wakisikia picadillo wanafikiria nyama iliyokatwa vipande vidogo sana, na shina ni lilelile: kazi ya ncha na kisu. Waholanzi nao walikuwa na pickedillekens, na mwisho wa neno hilo, ken, nao ni alama ya udogo. Kwa hiyo upande wa kusini udogo, upande wa kaskazini udogo. Neno hili lilizaliwa likiwa dogo.

Nawaomba washonaji mlioko hapa mtambue jambo moja. Neno lilitoka kwenye kitendo cha mkono. Halikutoka kwenye umbo, halikutoka kwenye rangi, halikutoka kwenye jina la mfalme aliyeivaa. Limetoka kwa mtu aliyekaa na mkasi na sindano akitoboa kitambaa. Nasema mshonaji na sisemi fundi cherehani, kwa sababu cherehani ilikuwa haijazaliwa. Kila tundu lilitobolewa kwa mkono.

Sasa hatua ya kwanza ya safari.

Enzi zile kola zilikuwa zinakua. Mwaka 1564 alifika London mwanamke kutoka Flanders, jina lake Dinghen van den Plasse, pamoja na mumewe, wakitafuta usalama. Alijua kazi ambayo Waingereza hawakuijua sawasawa: kutia wanga kwenye nguo za kitani mpaka zisimame. Mwanahistoria John Stow na walioendeleza kazi yake wanasimulia kwamba mabibi wa London walimpelekea binti zao na jamaa zao wafundishwe. Ada yake? Pauni 4 au 5 kwa kila mwanafunzi kujifunza kutia wanga, na shilingi 20 juu yake kujifunza kuupika wanga wenyewe. Fikirini. Fedha nyingi kiasi hicho, kwa enzi hiyo, kwa ajili ya kuchemsha wanga! Lakini watu walilipa, kwa sababu aliyekuwa na wanga alikuwa na kola, na aliyekuwa na kola alikuwa na heshima.

Kola zikapanuka. Mikunjo juu ya mikunjo, kitani laini, lesi pembeni. Kichwa cha mtu kikaonekana kama kimewekwa juu ya sinia. Na wanga peke yake haukutosha tena. Mvua ikinyesha, kola inaanguka. Upepo ukivuma, inapigapiga uso. Philip Stubbes, mtu mkali aliyeandika mwaka 1583 kuushambulia urembo wa wakati wake, aliuita wanga kinywaji cha shetani, na akaeleza pia kifaa cha waya kilichozungushiwa uzi wa dhahabu, wa fedha au wa hariri, kilichowekwa chini ya kola kuishikilia. Alikasirika kweli. Lakini kwa hasira zake ametuhifadhia maelezo ambayo waliovaa hawakujishughulisha kuyaandika, na mimi namshukuru.

Sasa tazameni lilikokwenda neno letu. Vile vipande vidogo vya ukingo, pikadili, viligusana na kola. Mshonaji akaona: badala ya kuwa pambo tu, vipande hivi vikitiwa ugumu vinaweza kuibeba kola kutoka chini. Basi akavitia ugumu. Na neno likahama. Kutoka kwenye ukingo likaenda kwenye kibebeo, na kutoka kwenye kibebeo likaenda kwenye kola ngumu yenyewe. Hakuna aliyeitisha mkutano. Liligusa, likahama.

Makumbusho ya Victoria and Albert, mjini London, yamehifadhi pikadili ya mwanzoni mwa karne ya 17. Nawasihi mkipata nafasi muitafute, hata kwa picha. Ndani ni karatasi ngumu, mabaki ya kurasa yaliyogandishwa pamoja. Juu yake imefunikwa satini. Umbo lake ni nusu duara pana lenye nafasi ya shingo, na ukingo wake umegawanyika vipande vipande. Inafungwa nyuma ya kola ya koti, na juu yake inalazwa kola ya kitani au lesi. Mtazamaji anaona lesi. Pikadili haionekani. Kazi yote inafanywa na karatasi iliyojificha, na sifa zote zinakwenda kwa lesi. Hata hivyo, ni ile iliyojificha iliyobaki na jina.

Je, neno hili lilikuwa geni masikioni mwa watu? Lilikuwa geni sana. Askari na mwandishi Barnaby Rich aliandika mwaka 1614 kwamba kama mtu angeulizia pikadili miaka 40 au 50 iliyopita, nani angemwelewa? Nani angeweza kumwambia kama ni samaki au ni nyama? Huo ni ushahidi wenye thamani kubwa kwetu. Mzee aliyeishi kabla ya neno anatuambia kwamba aliliona likiingia.

Na mwaka uliofuata, 1615, neno likaingia kwenye amri. Mfalme James alikuwa anakuja kuzuru Chuo Kikuu cha Cambridge. Makamu mkuu wa chuo akatoa onyo kwa wanafunzi: yale mapikadili ya ajabu yaachwe, na kola kubwa mno, na pindo pana za mikono ya nguo, na maua ya kushona juu ya viatu. Havifai kwa wanafunzi wa chuo chenye sifa. Mnaona mambo? Kitu kikishapigwa marufuku na chuo, ujue vijana wote wanacho.

Hapo nitaje jambo dogo kisha nipite. Kihispania kina neno lingine, pecadillo, maana yake dhambi ndogo, kosa dogo. Halihusiani kabisa na kutoboa. Shina lake ni pecado, dhambi. Lakini Waingereza wa enzi zile waliandika maneno walivyosikia, na mara nyingine kola iliandikwa kwa tahajia ya dhambi. Wapo mpaka leo wanaosema kwamba mtaa ule uliitwa hivyo kwa sababu ya dhambi ndogo ndogo zilizotendeka pale usiku. Ni hadithi tamu. Lakini haina ushahidi, na wapenzi wa maneno hatuna budi kuikataa hata kama inachekesha.

Sasa nifike kwa mtu ninayempenda kuliko wote katika habari hii.

Anaitwa Robert Baker. Alitoka Somerset, magharibi ya Uingereza, akaja London, akafungua duka la ushonaji kwenye mtaa wa Strand. Strand ilikuwa barabara inayounganisha mji wa wafanyabiashara na makao ya mfalme. Wakubwa walipita pale kila siku. Ungetaka kuuza kola kwa wakubwa, ungefungua duka wapi kama siyo pale? Baker aliuza kola, pamoja na pikadili, akatajirika. Mnamo mwaka 1612 alinunua ardhi nje ya mji, upande wa magharibi, kulikokuwa na malisho na kinu cha upepo, akajenga nyumba kubwa. Mahali hapo ni kaskazini kidogo ya ilipo Piccadilly Circus leo, na kumbukumbu ya kinu hicho imebaki katika jina la mtaa wa Great Windmill.

Nyumba ilipokwisha, watu wakaipa jina. Wakaiita Pickadilly Hall.

Hebu tulisikilize jina hilo kwa masikio ya wakati ule. Hall lilikuwa neno la nyumba ya bwana mkubwa mwenye ardhi na ukoo. Pikadili lilikuwa neno la ukingo wa kola. Ukiyaweka pamoja unapata nini? Unapata Kasri la Vipande vya Kola. Siwezi kulisoma jina hilo bila kusikia kicheko cha jirani. Mshonaji kajenga kama lodi. Sawa, na nyumba yake ibebe kazi yake!

Je, tuna ushahidi wa karibu? Tunao, na ni wa aina ninayoipenda kuliko kamusi zote. Robert Baker alifariki mwaka 1623, na katika wasia wake aliwaachia fedha maskini wa parokia ya St Martin. Hesabu za parokia za mwaka huo zinaandika mchango wa pauni 3 kutoka kwa Robert Baker wa Pickadilly Hall. Tahajia yake ni ya mtu aliyeandika anavyosikia, lakini jina liko pale. Tafakarini. Karani anaandika hesabu za maskini. Hana haja ya kuchekesha mtu. Anaandika tu huyu marehemu alikuwa wa wapi, ili hesabu iwe safi. Na anaandika Pickadilly Hall. Maana yake utani ulikuwa umekwisha kuwa anwani.

Jina la utani likishaingia kwenye daftari la hesabu, utani umekwisha. Jina limebaki.

Mtu anaweza kuniuliza, na ana haki ya kuuliza: una hakika gani kwamba nyumba iliitwa hivyo kwa sababu ya kola? Labda kuna sababu nyingine. Swali hili siyo la leo. Mwaka 1656 mwanasheria Thomas Blount alichapisha kamusi ya maneno magumu, na chini ya neno hili akaweka maelezo mawili yanayoshindana. La kwanza: pikadili ni pindo, na nyumba ile ilikuwa ya mwisho kabisa upande ule, kwenye pindo la mji, kwa hiyo ikaitwa pindo. La pili: wengine wanasema ilijengwa na mshonaji mmoja aliyepata utajiri wake mwingi kutokana na pikadili.

Maelezo ya kwanza ni mazuri sana. Kwa Kiswahili yanasikika vizuri zaidi: pindo la nguo, pindo la mji. Nakiri ni mazuri. Lakini je, uzuri ni ushahidi? Mimi nafuata la pili, na nitawaambia kwa nini. Nyumba hiyo ilijengwa na mshonaji kweli. Hilo tunalijua kwa nyaraka za ardhi, wala siyo kwa masimulizi. Duka lake lilikuwa kwenye mtaa uliouza vitu vya namna hiyohiyo. Na tena Blount mwenyewe alikosea jina la mshonaji: alimwita Higgins. Kosa hilo linanifurahisha, kwa sababu linaonyesha kwamba Blount hakubuni. Alikuwa ameyasikia masimulizi yaliyokuwa yakizunguka mjini. Miaka zaidi ya 30 baada ya Baker kufa, watu walikuwa wamelisahau jina lake, lakini hawakuisahau kazi yake. Walikumbuka kola.

Kuna shahidi mwingine, na huyu hatajwi mara nyingi. Katika miaka ya 1630, karibu na pale pale, kinyozi wa mkuu wa nyumba ya mfalme, Simon Osbaldeston, alijenga jumba la starehe lenye uwanja wa kucheza mpira wa kuviringisha na vyumba vya kamari. Watu walilipa jina gani? Shaver's Hall. Kasri la Kunyolea! Mshonaji kajenga, nyumba ikaitwa kwa kola. Kinyozi kajenga, nyumba ikaitwa kwa wembe. Pia walisema, kwa mzaha, kwamba waliokwenda pale kucheza kamari walinyolewa mifuko. Ujirani ule ulikuwa na tabia ya kuzipa nyumba majina kwa kazi za wenyewe, na tabia hiyo ndiyo inayonipa imani na maelezo ya kola.

Kumbe hatua ya pili ya safari ndiyo hiyo. Kola iligusana na mtu. Mtu akagusana na nyumba. Na nyumba, baada ya muda, ikagusana na barabara iliyopita mbele yake.

Hapo ndipo serikali ilipoingia.

Mwaka 1662 Mfalme Charles wa Pili alimuoa Catherine wa Braganza, binti mfalme wa Ureno. Ili kumheshimu malkia mpya, barabara ile ikapewa jina la Portugal Street, Mtaa wa Ureno. Jina la heshima. Jina rasmi. Jina la malkia! Mashariki ya barabara watu wakaendelea kusema Piccadilly, na magharibi ramani zikasema Portugal Street. Majina mawili kwenye barabara moja: moja la malkia aliyetoka ng'ambo na mahari kubwa, jingine la ukingo wa kola ambayo hata haikuvaliwa tena.

Lipi lilishinda?

Mnalijua jibu. Kufikia katikati ya karne ya 18 jina la Piccadilly lilikuwa limetambaa likaichukua barabara nzima, na Portugal Street ikabaki kwenye ramani za kale. Amri ilikuwa upande mmoja, mazoea ya midomo upande wa pili. Wenye farasi, wauza mboga, watumishi waliotumwa barua, wote waliendelea kusema walivyozoea. Wala hawakuwa wakimpinga malkia. Walikuwa wakielekezana njia.

Baada ya hapo hadithi inakwenda mbio, nami sitaichelewesha. Mwaka 1819 ikajengwa njia panda ya mviringo kuunganisha Regent Street na Piccadilly, ikaitwa Piccadilly Circus. Mwaka 1893 ikawekwa pale chemchemi ya kumkumbuka Lodi Shaftesbury, yenye yule kijana wa mabawa. Mwaka 1906 ikafunguliwa reli ya chini ya ardhi iliyobeba jina hilo. Manchester nayo ikaazima jina kwa London, na leo kituo chake kikuu cha treni kinaitwa hivyo. Ukingo wa kola ya Kihispania, kituo cha treni cha Manchester! Lakini ukifuata hatua zote hakuna mruko hata mmoja.

Ndugu zangu, labda mtu atasema hii ni bahati ya neno moja. Basi nimlete ndugu yake, ili mpime wenyewe.

Twende Madrid, mwaka 1623. Mfalme kijana, Philip wa Nne, anaona kola kubwa za mikunjo zinakula fedha za watu wake: kitani cha kutoka nje, wanga, vibarua wa kuzipiga pasi. Anazipiga marufuku. Sawa, lakini wavae nini? Inasimuliwa kwamba mshonaji mmoja alibuni kola mpya, ndogo, ya kadibodi iliyofunikwa hariri, ikatiwa ugumu kwa gundi ya lakiri na vyuma vya moto. Haihitaji kutiwa wanga kila siku. Mfalme akaipenda. Lakini wakubwa wa serikali waliposikia kuna mtu amejifungia chumbani na vyuma vya ajabu, moshi na mafusho, wakashuku uchawi, wakavikamata vifaa vyake vikachomwa moto mlangoni kwake. Ilibidi ikulu yenyewe iingilie kati kumwokoa mshonaji wa mfalme!

Kola hiyo iliitwa golilla. Gola ni koo. Golilla ni koo dogo, kola ndogo. Tena kiambishi kilekile cha udogo. Mkitazama picha ambazo Velázquez alimchora Philip wa Nne, mtaiona: sahani nyeupe tupu chini ya kidevu, haina lesi, haina mikunjo, na mavazi meusi chini yake. Kwa karibu karne nzima huo ndio ulikuwa uso wa Uhispania. Hata Mfaransa alipokuja kukalia kiti cha enzi, Philip wa Tano, mjukuu wa Louis wa 14, alichorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701 akiwa amevaa nguo nyeusi na golilla, ili Wahispania wamwone kuwa ni wao. Baadaye akaiacha, na watu wa ikulu wakaiacha pamoja naye.

Nani waliendelea nayo? Wanasheria na maofisa wa mahakama. Na kwa kuwa ndio waliobaki na kola hiyo shingoni, katika karne ya 18 neno likawaangukia wao. Golilla likawa jina la mtu: mwanasheria, ofisa wa serikali aliyepanda kwa elimu na wala siyo kwa ukoo. Kola iligusa mtu, ikamwachia jina. Na ng'ambo ya bahari neno likaendelea kutembea. Kule Uruguay na Argentina, golilla ni kitambaa ambacho mchungaji wa ng'ombe anajifunga shingoni. Kule Chile, ukienda dukani kuomba golilla, utapewa washa, ile bamba ya duara yenye tundu inayowekwa chini ya nati. Duara yenye tundu katikati. Shingo imeondoka, tundu limebaki.

Maneno mawili ya kola ndogo, basi. Moja likaenda kwenye mtaa, moja likaenda kwa wanasheria na kwenye nati. Njia mbalimbali, mwendo mmoja.

Nina jambo la mwisho, na hili ndilo lililonifanya nichague mada hii.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanaume wa mjini Uingereza walivaa kola za kubandika. Shati lilikuwa halina kola. Unanunua kola peke yake, inatiwa wanga mpaka inakuwa ngumu kama ubao, unaibana kwenye shati kwa vifungo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Faida yake ni kwamba kola ikichafuka unafua kola, hufui shati zima. Wauzaji walitoa mitindo mingi, na kila mtindo ulipewa jina la kuvutia wateja. Mmoja ulikuwa mrefu, wa kusimama, wa vijana wanaojipenda. Wenye maduka walitaka jina lenye sauti ya fahari, jina la mtaa wanakotembea watu maridadi. Wakauita kola ya Piccadilly.

Mmesikia? Kola iliupa mtaa jina. Miaka 250 baadaye mtaa ukaipa kola jina. Aliyeiuza alikuwa anafikiria mtaa. Aliyeinunua alikuwa anafikiria mtaa. Na neno lenyewe, bila mtu kulielekeza, lilikuwa limekaa tena shingoni, juu ya kitani kilichotiwa wanga, palepale lilipoanzia Robert Baker alipokuwa akiuza dukani kwake Strand.

Nimemaliza upande wangu. Sasa nataka kusikia kutoka kwenu, hasa washonaji: ukingo wa kola unapokatwa vipande namna ile, kazini kwenu mnauitaje?